Dari Iliyohama

Mabega yangu ndiyo yaliyostaafu kwanza, mimi nikayafuata miezi michache baadaye. Ukifunga dari kwa miaka ishirini na minane, kuna asubuhi utainua mikono ukute haitaki kupita masikio. Mafundi wenzangu wa mtaa wa Free Area, nyinyi mliorithi ngazi zangu, mmeniomba niandike niliyoyaona kazini. Majengo makubwa na siku za ufunguzi nitayaruka. Huko hakuna mtu aliyewahi kuniuliza jina, na mimi sikuwahi kuona kitu cha ajabu zaidi ya waziri kukanyaga rangi mbichi.

Sikuanza kama fundi. Nilikuwa nauza uji na mandazi kwenye mjengo mmoja hapa Nakuru. Pale palikuwa na fundi mrefu mwenye maneno machache, Fundi Wekesa. Siku moja mwenzake hakuja, na yeye alikuwa juu ya jukwaa na bodi ya jipsam inayomzidi urefu.

"Mama wa uji," akaniita. "Weka hiyo sufuria chini uje ushike bodi."

"Nishike na nini? Mikono yangu ni miwili na bodi ni kama mlango wa kanisa."

"Kichwa si unacho?"

Nikapanda. Nikaishikilia kwa kichwa na viganja huku yeye akipiga skrubu, na unga mweupe ukinijaa machoni. Jioni hiyo uji wangu ulikuwa umeganda kama gundi, lakini nilijua singeuza mwingine.

Wekesa alinifundisha kwa bomba. Ni bomba la plastiki unaloweza kuona maji ndani yake. Mmoja anashika ncha hii ukutani, mwingine ncha ile upande wa pili, na popote maji yanapotulia, hapo ni sawa. Unapiga alama, unavuta uzi wa chaki, unafunga vyuma vya fremu kwa kufuata huo mstari. "Dari yoyote unayoikuta imepinda," alikuwa akisema, "usianze kubishana nayo. Tafuta kwanza mahali imeshuka kabisa. Hapo ndipo kazi inaanzia." Baadaye zilikuja leza za mwanga mwekundu, nami nikanunua yangu. Lakini bomba halikuwahi kuniishia betri.

Wekesa alipostaafu kwenda kwao, nilianza kufanya kazi na Barasa, mtu mzima mwenzangu, mshika-bodi mzuri na mlalamishi mzuri zaidi. Tulifunga nyumba nyingi. Zilizo rahisi nimezisahau. Nakumbuka moja ya Kihoto, kule Naivasha, baada ya ziwa kuingia ndani ya mtaa na kurudi. Maji yalikuwa yameacha mstari ukutani juu ya swichi za stima. Tulipotoa bodi zilizooza, Barasa alipitisha mkono juu ya fremu ya dirisha akashusha samaki mkavu, mzima, macho na yote. Mwenye nyumba alimtazama yule samaki, akamfunga kwa gazeti, akatuambia tusiwaambie watoto. Akataka dari irudi palepale ilipokuwa, rangi ileile, watoto wakirudi wadhani hawakuwahi kuondoka. Tukafanya hivyo. Msidhani kazi yetu ni kupamba. Kazi yetu kubwa ni kuficha, na sehemu kubwa ya maisha yangu nilijivunia kuficha vizuri.

Halafu nikapigiwa simu na Baba Njeri.

Shamba lake lilikuwa upande wa Mau Narok, kwenye zile ardhi za ngano na viazi ambazo zamani zilikuwa za walowezi. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mlowezi: mawe ya kuchongwa, sakafu ya mbao, dari ya mbao iliyopakwa chokaa mpaka ikasahau rangi yake. Baba Njeri alitupokea getini akiwa na haraka.

"Fundi, karibu. Jumamosi ya wiki ijayo watu wa mahari ya Njeri wanakuja. Nitawakalisha kwa siting rumu, kama watu hamsini hivi. Sitaki waangalie juu waone tumbo la ng'ombe."

Hakukosea. Dari ya sebule ilikuwa imening'inia katikati, tumbo kweli. Ukutani palikuwa na nyufa zilizozibwa na kupakwa rangi mara nyingi hadi zikawa kama mishipa ya mkono wa mzee. Na chini ya lile tumbo, kando ya dirisha, palikuwa na kitanda. Juu yake alilala mama yake Baba Njeri, ambaye sote tulimwita Shosho, yaani bibi. Kulikuwa na vyumba vya kulala nyuma, lakini tangu mumewe afe alikuwa amekataa kulala popote isipokuwa hapo sebuleni, chali, macho juu.

"Ni uzee tu," mwanawe aliniambia kwa sauti ndogo. "Anapenda mbao zake."

"Shikamoo, Shosho," nikamsalimu. "Tumekuja kukutengenezea silingi."

"Mtaitengeneza ikuwe aje?"

"Iwe sawa kabisa."

Aliendelea kutazama juu jinsi mtu anavyotazama sufuria ya maziwa jikoni.

Siku ya kwanza tulijaza bomba, tukapima pembe zote nne, tukapiga alama za penseli. Mahali palipokuwa pameshuka kabisa ni karibu na dirisha. Jioni tukaenda kulala kwa shemeji ya Barasa pale sokoni. Asubuhi nilipima tena, kwa mazoea tu, jinsi mtu anavyojaribu mlango aliokwisha kuufunga. Alama ya upande wa dirisha ilikuwa chini ya maji kwa unene wa penseli.

"Barasa, jana ulikuwa unashika bomba ama ulikuwa unashika simu?"

"Nilishika bomba, Mama Kibet. Naapa."

Tukafuta, tukapima upya. Asubuhi iliyofuata alama ilikuwa imeshuka tena. Nikaleta leza, nayo ikasema maneno yaleyale. Wakati huo ilikuwa kiangazi bado, mbao zimekauka, hakuna sababu ya kitu chochote kuvimba. Mlango wa jikoni, ambao Jumatatu ulikuwa unafungwa kwa bega, Jumatano ulianza kufunguka wenyewe. Haukufunguka kwa kishindo. Ulikuja polepole, ukasimama, kama mtu anayechungulia kuona kama mmemaliza kula. Mbwa wa boma alikuwa akitufuata kila mahali, lakini kizingiti cha sebule hakukikanyaga hata nilipomrushia mfupa ndani. Aliutazama mfupa, akanitazama mimi, akaenda zake.

"Mimi nimesema," Barasa akaninong'oneza juu ya jukwaa. "Hii nyumba iko na mtu."

"Mtu gani?"

"Sijui. Lakini anatembea chini, si juu. Wa juu nimewazoea, ni panya."

Ningecheka, ila siku hiyo nami nilikuwa nimesikia jambo. Skrubu ilikuwa imeniponyoka, ikaingia kwenye mwanya wa mbao za sakafu. Nikapiga magoti niitafute, sikio langu likawa karibu na mbao. Nilisikia kitu, skrubu yangu au kokoto iliyogongwa nayo, kikigonga. Kikagonga tena, mbali zaidi. Halafu tena, mbali zaidi. Nilingoja nisikie kikifika. Sikusikia kikifika.

Kutoka kwenye mwanya ule ulipanda upepo mwembamba wa baridi, wenye harufu ya udongo ulionyeshewa. Nje jua lilikuwa linapasua mawe.

Nikainuka, nikamkuta Shosho amegeuza kichwa ananitazama.

"Umeamka salama, Shosho?" nikasema, kwa kukosa la kusema, maana ilikuwa mchana.

"Usihangaike kupima upande wa mlango," akasema. "Leo imeenda dirishani. Kesho itapumzika."

Kesho yake nilipima. Alama zilikuwa palepale, hazikusogea hata unywele. Keshokutwa yake akasema, "Leo imeenda sana," kabla sijalitoa bomba kwenye gunia. Tukapima. Kidole kizima. Na wakati huo ndipo nilipoona jambo ambalo sijalieleza kwa mtu isipokuwa Barasa aliyekuwa ameshika ncha ya pili: maji ndani ya bomba hayakutulia. Yalipanda kidogo kwangu na kwake kwa pamoja, yakashuka kwetu sote kwa pamoja, yakapanda. Mkijua bomba mnajua maji hayafanyi hivyo, yakipanda huku ni lazima yashuke kule. Yalikuwa yakienda kama kifua cha mtu aliyelala. Barasa alishusha ncha yake taratibu, akasema anakwenda kuvuta sigara. Barasa havuti sigara.

Nilimwambia Baba Njeri kwamba nyumba inasogea. Aliniangalia jinsi wenye nyumba wanavyotuangalia tukitoa visingizio.

"Fundi, hii nyumba imesimama tangu wazungu. Sasa wewe umekuja na bomba ndio imeanza kusogea? Weka konisi kubwa ifunike hiyo nafasi. Si ndio kazi ya konisi?"

Ndiyo kazi ya konisi, ule utepe mnene unaoziba pale dari inapokutana na ukuta. Na hapa ndipo ninapoona haya. Nilijua. Sikujua ni nini, lakini nilijua, na bado nikafanya. Nilishusha fremu vidole vinne chini ya lile tumbo. Sikuifunga kwenye kuta hata kidogo, niliining'iniza yote kwa waya kutoka kwenye boriti za paa, ili kuta zikitembea zitembee zenyewe. Nikapanga bodi, nikaziba maungio, nikapiga msasa, nikaweka konisi pana kuliko zote nilizowahi kuweka. Jumatano ya wiki ya mahari tulipaka rangi ya mwisho. Ilikuwa nyeupe na tambarare kama maziwa kwenye sinia. Baba Njeri alizunguka sebule ameinua shingo, akicheka peke yake.

Shosho alitazama juu kwa muda mrefu. Machozi yakamtoka pembeni, yakaingia masikioni, kwa vile alikuwa amelala chali.

"Umenipofusha," akasema.

Nilikusanya vifaa na kuondoka, na mvua ya kwanza ya masika ikatupata tukiwa bado barabarani.

Usiku wa kuamkia Alhamisi sikulala vizuri, na asubuhi nikamwambia Barasa nimesahau bomba langu kule. Bomba lilikuwa kwenye gunia mlangoni pangu, na yeye aliliona, akachukua koti lake tukaenda. Tulipofika Baba Njeri alikuwa ameenda kuchukua viti. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda cha Shosho.

"Shosho, ulikuwa unaangalia nini hapo juu?"

Alishusha mkono kando ya kitanda, akagusa mbao za sakafu.

"Kuna nini chini, Shosho?"

"Ardhi imeachana," akasema. Akatenganisha viganja vyake, upana wa mkate. "Tulikuta hivi, mzee wangu, baba yao, alipobadilisha mbao za sakafu. Tukatia mawe. Mkokoteni, mkokoteni, wiki mbili. Haikujaa. Akarudisha mbao."

"Na hamkuhama?"

"Tuhamie wapi? Tulikuja hapa na watoto watano na sufuria mbili. Walowezi walipoondoka mashamba yakagawanywa kwa kura, wenzetu wakapata majani matupu, sisi tukapata nyumba ya mawe. Nani angekubali tubadilishane?" Alivuta blanketi. "Nikasema mimi nitalinda. Silingi ikishuka ndio ardhi inafunguka. Ikifika mahali fulani, nawatoa watoto. Miaka yote hiyo nimeiangalia. Naijua kama uso. Sasa wewe umeilainisha."

"Kwa nini hukumwambia Baba Njeri?"

"Ukikaa na neno sana, linakosa mlango wa kutokea."

Baba Njeri alirudi na lori la viti, nikamweleza pale pale uani. Alikasirika, kwanza kwangu, kisha kwa mama yake, kisha kwangu tena.

"Mama amezeeka! Na wewe fundi mzima unaamini? Keshokutwa watu wanakuja! Nitawaambia nini, ati nyumba yangu iko na shimo?"

"Usiniamini. Njoo uone."

Nilipanda ngazi, nikachukua patasi, nikang'oa konisi yangu mwenyewe. Nimebomoa kazi za watu wengi, lakini yangu ilikuwa mara ya kwanza, na rangi ilikuwa bado laini, ikachubuka kama ngozi. Jumatano nilikuwa nimeacha nafasi ya kidole kati ya bodi na ukuta. Sasa mkono wangu uliingia mpaka kwenye kifundo. Na nyuma yake, pale palipokuwa na mawe, niliona mwanga wa nje, na jani la mti likicheza.

Nikamshukia, nikampa ngazi. Alipanda, akaingiza mkono wake, akakaa nao humo. Aliposhuka alienda kitandani kwa mama yake akapiga magoti.

"Mama, inuka. Tutoke."

Shosho alikataa kubebwa. Alitembea kwa miguu yake hadi kizingitini, akangoja tutoe kitanda, viti, picha za ukutani na sahani. Akafunga mlango kwa ufunguo, akauweka kifuani kama mtu anayeenda sokoni. Jamaa wote walihamia kwa jirani, ng'ambo ya barabara.

Ijumaa ilinyesha tangu asubuhi. Mimi na Barasa tulibaki tuwasaidie kusimamisha hema kwa jirani. Saa kumi jioni niliona ng'ombe wa Baba Njeri, waliokuwa malishoni, wameigeuzia nyumba migongo, wote kwa mstari mmoja. Kisha ukaja mlio. Watu husema ulikuwa kama radi, lakini mimi nilikuwepo. Ulikuwa kama shuka kubwa ikichanwa, bila haraka, na mtu anayefurahia kuichana. Ukaanzia kwenye ua wa miiba, ukapita malishoni, ukapita chini ya dirisha.

Tuliposogea karibu, ukuta wa dirisha haukuwepo. Sakafu ya sebule haikuwepo pia. Palikuwa na weusi tu, na mvua ikiingia humo bila kutoa sauti. Lakini juu ya weusi ule, ikining'inia kwa waya kutoka kwenye boriti zilizobaki, dari yangu ilikuwa ingali pale, nyeupe, tambarare, haina ufa.

"Mama Kibet," Barasa akasema, "hii ndiyo kazi safi zaidi tumewahi kufanya."

Hakuwa anatania. Tulisimama tukiiangalia, sisi wawili, tukaogopa kuliko tulivyoogopa kabla. Baadaye boriti zikalegea, ikaanza kushuka, bodi baada ya bodi, kila moja ikigeuka geuka kama karatasi. Hatukungoja kusikiliza.

Mahari ya Njeri ililetwa Jumamosi, chini ya hema, kwenye boma la jirani, na wageni hamsini wakakaa kwenye nyasi zilizoloa wakaimba. Chifu alikuwa ameshazungusha kamba ng'ambo ya barabara, na watoto walikatazwa kuvuka. Baba Njeri alikuja akanishika mkono, akaniletea sahani ya nyama iliyojaa kupita kiasi.

Nawaambia nyinyi mnaoanza: mkikuta dari inashuka, muulizeni anayelala chini yake kabla hamjaulizia upana wa konisi. Ningeishia hapo kama ningekuwa mtu wa kuandika mafunzo. Lakini mliniomba niandike niliyoyaona na kuyasikia, na Shosho alikuwa ameketi karibu nami hemani, akala kidogo, kisha akaniegemea.

"Kuna jambo sikukuambia," akasema. "Kabla ya mawe, baba yao alitaka kujua mwisho wake. Tukachukua kamba ya ng'ombe. Akajifunga, akashuka. Sisi wawili tu, watoto wako shule. Mimi nikawa juu nimeshika."

"Alifika?"

"Kamba iliisha. Akakaa huko kidogo, halafu akapanda mbio, mikono yote damu. Akaniambia, kwa nini ulikuwa unaniita? Nikamwambia sijakuita. Akasema, umeniita kwa jina, sauti yako, mara nyingi. Ukisema nishuke zaidi, ati uko hapa chini."

Wageni walikuwa wameanza wimbo mwingine. Nilimsogelea ili nisikie.

"Na wewe kweli hukumwita, Shosho? Labda kwa hofu, bila kujua?"

"Mtoto wangu, alikuwa mzito kuliko mimi. Nilikuwa nimeikaza kamba kwa mikono na kwa meno. Ningeita na nini?"

Akainua mdomo wa juu kwa kidole, akanionyesha pengo la meno mawili.